Hela ya Kuhama Jeshini Ipo, Ila Inakuja Nyuma Yako

Tarehe moja mwezi wa saba 2023, usiku wa nne barabarani, tuko Twin Falls Idaho, mtoto mdogo kalala begani kwangu, mkubwa anataka kukojoa, mzee (mume wangu) anatoa kadi pale kaunta ya moteli. Dada wa kaunta akaipitisha, akaipitisha tena, halafu akaturudishia taratibu kama mtu anayeleta habari ya msiba. Imekataa. Nikafungua benki kwenye simu nione kuna nini, kumbe ile kodi ya nyumba ya Killeen, Texas, nyumba tuliyoihama siku nne zilizopita, imejikata yenyewe asubuhi. Mwezi mzima, nyumba tupu, hata pazia hamna.

Basi ngoja niwaeleze vizuri maana nimeulizwa sana na kina dada ambao waume zao wameingia jeshi la Marekani juzijuzi na sasa wamepata oda ya kwanza, yaani amri ya kuhamia kituo kingine. Mzee wangu ni sajenti, tulikuwa Texas pale Fort Hood (mwaka huo iligeuzwa jina ikawa Fort Cavazos, 2025 wakairudishia lile la zamani, msinishike kwa jina), tukapelekwa kambi ya Joint Base Lewis-McChord karibu na Tacoma, Washington. Watoto wawili. Mimi nilikuwa CNA, yaani msaidizi wa nesi, kwenye nyumba ya wazee, na hilo la kazi yangu litakuja.

Kosa la kodi lilikuwa letu wenyewe. Kuna sheria inaitwa SCRA, inamruhusu mwanajeshi mwenye oda ya kuhama kuvunja agrimenti ya nyumba bila faini, hilo mzee alilijua toka zamani na akawa ametulia kabisa. Ila sheria inataka notisi ya maandishi pamoja na kopi ya oda, na agrimenti inaisha siku 30 baada ya tarehe ya kodi INAYOFUATA. Sisi mwenye nyumba tulimwambia kwa mdomo mwezi wa tano, tumesimama nje tunacheka, akasema hakuna shida. Karatasi tukampelekea tarehe 2 Juni. Sasa hesabu: tungeipeleka 20 Mei, kodi inayofuata ni 1 Juni, agrimenti inakufa 1 Julai. Tulipoipeleka 2 Juni, kodi inayofuata ni 1 Julai, kwa hiyo tukadaiwa mpaka 31 Julai. Yaani wiki mbili za uvivu zimetugharimu kodi ya mwezi mzima, na mwenye nyumba wala sikumlaumu, sheria iko upande wake. Oda ikitoka leo, notisi iende leo. Simu na intaneti nazo zinaingia kwenye sheria hiyo hiyo, kama kampuni yako haina huduma huko unakohamia usikubali kulipa faini ya kukatisha mkataba.

Sasa hela za kuhama. Watu wakisikia jeshi linalipa wanadhani mnapewa bahasha mnaondoka nayo. Linalipa kweli, tena si kidogo. Kuna DLA ya kukusaidia kuanza maisha upya, haikatwi kodi ya serikali, na unaweza kuiomba mapema. Kuna hela ya maili, mwaka ule ilikuwa senti 22 kwa maili. Kuna posho ya kila siku ya safari, wanahesabu maili 350 ni siku moja, yetu wakatupa siku sita: mzee dola 157, mimi robo tatu yake, watoto wa chini ya miaka 12 nusu nusu, jumla dola 431 na senti 75 kwa siku. Zidisha mara sita ni zaidi ya dola 2,500. Halafu kuna TLE ya hoteli mnapotafuta nyumba, ilikuwa siku 10, mwishoni mwa 2022 wakaongeza, wakati wetu zikawa 14. Ukiyajumlisha hayo kwenye karatasi unajiona tajiri. Mimi nilijiona tajiri jikoni kwangu Killeen na kalamu mkononi.

Ila karibu zote ni za kurudishiwa. Wewe unatoa kwanza, unatunza risiti, mnafika, mnajaza ile vocha ya DD 1351-2 (fomu ya kudai hela ya safari), mnangoja. Petroli inataka hela leo, moteli inataka leo, dipoziti ya nyumba inataka leo pamoja na kodi ya mwezi wa kwanza. Hapo katikati ndipo familia zinazama kwenye kadi za mkopo, na mshahara wenu hata haujapungua.

Kwa hiyo usiniulize "tutapata ngapi", jiulize una ngapi mkononi za kukutoa siku ya kwanza mpaka siku ya sitini. Mimi kilichoniokoa ni chama. Tulikuwa wanawake 12 pale Killeen, Wakenya na Watanzania wawili, kila mtu dola 200 kwa mwezi, na mzunguko wangu ulikuwa Oktoba. Mara tu oda ilipotoka nikamwomba dada mwenye Juni tubadilishane, nikamweleza ukweli, akakubali. Nikapokea dola 2,400 wiki mbili kabla ya kuondoka, na nikaendelea kutuma mchango wangu kutoka Washington kila mwezi bila kuchelewa hata siku moja, maana ukikimbia na hela ya chama hata kama uko maili elfu mbili jina lako litakufuata tu. Hizo ndizo zilizotulipia moteli Twin Falls. Nilikuwa nimeziweka akaunti tofauti na mzee hakuwa na kadi yake, na sitaomba msamaha kwa hilo.

Jambo la pili ambalo hakuna karatasi ya jeshi itakuambia ni nyumbani. Sisi kila mwezi tunatuma, dawa za presha za mama mkwe kule Malindi, ada ya shemeji aliye chuo, na zile za dharura ambazo dharura yake haiishi. Nilimpigia mama mwezi mzima kabla.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mama, nilitaka nikwambie, mwanao kahamishwa kituo."

Kimya. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Kakosana na mkubwa wake?"

Maana kwetu mtu wa serikali akihamishwa ghafla ujue kuna jambo. Ikabidi nimweleze kuwa huku ni kawaida, kila miaka miwili mitatu unabebwa, na si adhabu. Alipotulia ndipo nikamwambia la hela: dawa zitakuja kama kawaida, hizo hazigusiki, ila hayo mengine Julai, Agosti na Septemba yatakuwa nusu, Oktoba tunarudi palepale. Akasema "sasa umenambia, si mngenyamaza tu nikadhani mmenisahau." Shemeji alinuna wiki mbili, akaenda akaongea na chuo akalipa kwa awamu. Taja tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza, ukisema tu "mambo magumu kidogo" utapigiwa simu kila Ijumaa.

Na kazi yangu ndiyo ilikuwa shimo kubwa kuliko yote. Bajeti ya kuhama ipige kwa mshahara wa mwanajeshi peke yake, wako uufute kabisa. Mimi CNA wa Texas sikuweza kushuka Washington nikaingia shifti kesho yake, ilibidi nisajiliwe kule, nikakaa wiki tisa bila senti yangu. Jeshi linarudisha gharama za leseni ya mke au mume mpaka dola 1,000 (tena ni kurudishiwa, mmeona), kwa hiyo kila ada unayolipa weka risiti. Walio manesi wana afadhali, Washington imeingia kwenye ule mkataba wa leseni za majimbo mengi mwaka huo huo wa 2023 na Texas imo.

BAH nayo, ile hela ya nyumba, inafuata kambi, cheo na familia. Ya Tacoma ni kubwa mbali kabisa na ya Killeen kwa sababu nyumba za Tacoma ni moto. Ila BAH mpya inaanza siku anaporipoti. Mpaka jana yake mnalipwa ya Texas, na nyumba mnatafuta kwa bei za Washington. Mzee alikuwa na likizo bado, akataka tuzurure kidogo kabla hajaripoti, nikamwambia baba watoto kila siku unayozurura ni hela ya Killeen. Akaripoti Jumatatu.

Kuna mtego mmoja mtamu sana. Mwanajeshi akihama anaweza kuomba mshahara wa mbele, mpaka wa msingi wa miezi mitatu, na hauna riba. Jirani yetu alichukua wote, akanunua sofa na tivii ya ukuta mzima, halafu makato yakaanza, miezi 12, kila mwezi mshahara unakuja umekonda, na mkewe hakujua kwa nini. Ni mkopo huo. Kama umekwama kweli kuna Army Emergency Relief, mfuko wa msaada wa wanajeshi, wanakopesha bila riba na mara nyingine wanatoa msaada wa bure, na washauri wa fedha wa Military OneSource hawatozi kitu.

Kujihamisha mwenyewe kwa traki ya kukodi (PPM) kunalipa, na mtu anaweza kubaki na faida, ila faida hiyo inakatwa kodi na lazima upime traki mara mbili, tupu na ikiwa imejaa. Mtanzania mmoja wa chama chetu alipakia kwanza ndipo akakumbuka mizani. Siku nzima kupakua, jua la Texas mwezi wa sita, mimi nilimpelekea maji tu nikarudi ndani nisicheke mbele yake.

Sisi tulitumia kampuni ya kuhamisha mizigo. Sajenti mwenye familia anaruhusiwa pauni 9,000, hatukufika hata nusu. Wale vijana wanafunga kila kitu wanachokiona, kwetu walifunga pipa la jikoni na taka zake ndani, mihogo iliyooza ikasafiri mpaka Washington. Wasichobeba ni chakula kinachoharibika na vitu vya kuwaka, na hapo ndipo hela ndogondogo zinapovuja. Miezi miwili kabla acha kununua nyama, kula friza. Mimi nilianza kuchelewa, nikagawa samaki na mbuzi kwa majirani, halafu nikafika kule nikanunua mafuta, viungo, sabuni, unga, makoti ya mvua ya watoto ambao walikuwa hawajui mvua ni nini, ikafika dola 600 na kitu na hakuna fomu ya kuirudisha. Sufuria ya ugali na mwiko nilibeba ndani ya gari miguuni pangu, mzee akanicheka mpaka Amarillo.

Akaacha kucheka mwezi wa saba mwishoni, maana nyumba tulipata na mizigo haikufika. Wiki tatu tulilala chini. Hapo ndipo mtu akatuambia kuhusu stoo ya kuazima ya Army Community Service, ofisi ya kusaidia familia pale kambini, wanakuazima bure vyombo, sahani, vitanda vya kukunja, unarudisha vyako vikifika. Sisi tulishanunua sahani na godoro la upepo. Uliza hiyo stoo siku ya kwanza.

Vocha inatakiwa ndani ya siku tano za kazi baada ya kufika. Tuliipeleka kwa wakati ila risiti moja ya hoteli ilikuwa inaonyesha tu tumeweka nafasi, haionyeshi tumelipa yote, ikarudishwa, tukaanza foleni upya, hela ikaingia Septemba. Tangu hapo nina bahasha moja ya kaki, kila tukitoka moteli siondoki kaunta mpaka niione sifuri pale chini ya risiti, hata watoto wawe wanalia. Hela ilipoingia ikaenda yote kulipa kadi ya mkopo, hatukuiona.

Na mizigo ilipokuja, kagua kabla hujafurahi. Una siku 180 za kuripoti kilichovunjika au kupotea, na ukidai kabla ya miezi tisa wanakulipa bei ya kitu kipya. Meza yetu ya kulia ilikuja na miguu mitatu. Nikapiga picha, nikadai, tukalipwa tukanunua nyingine. Novemba nikapokea kifurushi kirefu, nimefungua karatasi baada ya karatasi, mguu wa nne huo, umefungwa vizuri kuliko kitu chochote walichowahi kutuletea.