Framework 13 huku Gulu: panga vipuri kabla ya kulipia laptopu

Swali la ndugu yetu, kwa wasioliona: yuko Gulu, anafanya hesabu na ripoti za mradi, kutwa nzima yumo kwenye majedwali, barua pepe na mikutano ya video. Umeme unakatika, na fundi wa karibu hajawahi kuifungua Framework. Je, aagize Framework Laptop 13, au ateremke Kampala achukue ThinkPad T480 iliyotumika? Ya kwanza ndiyo ninayofanyia kazi kila siku, na T480 nimezifungua nyingi, kwa hiyo nitajibu kwa upande wa vipuri na bisibisi.

Framework imeundwa ili mwenyewe aifungue, hilo halina ubishi. Shida ni kwamba Uganda haimo katika nchi ambazo kampuni hiyo inazipelekea bidhaa moja kwa moja. Kila kitu chake maalumu kitakuja na msafiri au wakala wa mizigo, kwa wiki kadhaa. Basi kabla hujalipa, igawe mashine mafungu mawili kichwani. Fungu la kwanza ni vitu vya kawaida ambavyo laptopu nyingine pia hutumia: RAM (kumbukumbu ya kazi), SSD (hifadhi ya faili), kadi ya Wi-Fi, chaja. Fungu la pili ni vile vyenye chanzo kimoja tu: betri, skrini, jalada la kibodi, bawaba, feni, mazabodi (bodi kuu ya mashine) na zile kadi za upanuzi za pembeni, zinazobeba matundu ya USB na HDMI. Fungu la kwanza lisikunyime usingizi. La pili ndilo la kulipangia.

Hata kwenye fungu la kwanza, toleo lina maana. Framework 13 zenye processor ya Intel kizazi cha 11 hadi cha 13 hutumia RAM ya aina ya DDR4, ile ile inayochomolewa kwenye laptopu zilizotumika. Za AMD Ryzen 7040 na za Intel Core Ultra hutumia DDR5, ambayo ni ngumu zaidi kuipata kwenye masanduku ya mafundi. DDR4 haiingii kwenye tundu la DDR5, hata ulazimishe. Kwa majedwali na mikutano ya video, GB 16 zinatosha, na ni bora ziwe vipande viwili vya GB 8 kuliko kimoja cha 16: kimoja kikifa unaendelea na kingine, na kasi ya picha kwenye skrini inakuwa nzuri zaidi. SSD ni ya kawaida ya aina ya NVMe, yenye urefu wa milimita 80, imeandikwa 2280. Usinunue ya aina ya SATA yenye umbo hilo hilo, haitasomwa.

Sasa tundu la chaji, maana hapa ndipo mashine hii inapojilipa. Kwenye laptopu nyingi za USB-C, tundu limechomelewa kwenye mazabodi. Waya unavutwa, mtu anajikwaa, meza inatikisika, na baada ya miaka miwili chaji inashika ukiuinua waya kwa kidole tu. Kulitengeneza ni kazi ya hewa ya moto na mkono usiotetemeka, na fundi akikosea, mazabodi imekwenda. Kwenye Framework, waya hauingii kwenye mazabodi bali kwenye kadi ndogo inayochomolewa, na kadi ndiyo inayochakaa. Bonyeza kitufe kilicho chini ya laptopu, ivute, chomeka nyingine, endelea na ripoti yako. Ila nyuma ya kadi hiyo nako kuna tundu la USB-C la mazabodi yenyewe, kwa hiyo usifanye mchezo wa kuchomoa na kurudisha kadi kila asubuhi. Chagua nne unazozihitaji, ziache. Kwa kazi yako: mbili za USB-C, moja kila upande ili waya wa chaji ufuate mahali soketi ilipo, moja ya USB-A kwa flashi na printa, moja ya HDMI kwa projekta. Kadi ya HDMI, hasa ya matoleo ya mwanzo, inakula betri hata laptopu ikiwa imelala, basi hiyo tu ndiyo ikae begini hadi siku ya kikao. Kwenye zile za Ryzen 7040 tundu moja la mbele halitoi picha kabisa. Projekta ikikataa, hamishia kadi nyuma kabla hujalaumu waya.

Akiba ya kuagiza pamoja na mashine, katika mzigo ule ule, naiweka hivi: kadi mbili za USB-C, moja ya USB-A, na jalada kamili la kibodi lenye tachipedi yake. Hilo la mwisho ni ghali, na wengi hulikata ili kupunguza gharama. Mimi nalitetea. Chai ikimwagika au herufi moja ikikataa, jalada zima linabadilishwa kwa dakika tano. Ukitaka kubadilisha kibodi peke yake utafungua makumi ya skrubu ndogo ndogo. Na chai ikimwagika kweli, zima kwa kushikilia kitufe cha kuwasha, chomoa chaja, fungua, tenganisha betri kwanza, kisha ndipo ukaushe. T480 ina vitundu vya kupitishia maji chini ya kibodi. Framework usiitegemee kwa hilo.

Betri ya akiba usiinunue mapema. Betri inazeeka hata ikiwa kabatini, na hii huwezi kuichaji nje ya mashine. Iagize pale uwezo unaposhuka hadi kama asilimia 70 ya ulivyokuwa. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha linganisha uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa ikiwa imejaa. Za mwanzo ni Wh 55 (wati-saa, kipimo cha umeme unaohifadhiwa), za baadaye Wh 61, na ya 61 inaingia hata kwenye mashine ya zamani. Zote ziko chini ya Wh 100, kiwango ambacho abiria wa ndege anaruhusiwa kubeba kama betri ya akiba, ila ndani ya kabini tu, si kwenye sanduku la chini. Mwambie anayekuletea kupitia Entebbe aifunike ncha zake kwa utepe wa gundi na asiisahau kwenye sanduku kubwa, itatolewa.

Kuifungua ni hivi. Zima kabisa, chomoa chaja, igeuze. Kuna skrubu tano za T5, zile za nyota; bisibisi yake inakuja ndani ya boksi. Zilegeze hadi zizunguke bure. Hazitoki, zimefungwa kwenye jalada makusudi zisipotee, kwa hiyo usizing'oe kwa koleo. Igeuze tena, funua skrini, inua jalada la kibodi taratibu. Linashikwa na sumaku. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Chini ya jalada kuna utepe wa waya, mafundi wa simu huuita fleksi, unaounganisha kibodi na mazabodi. Ukilivuta jalada kama kifuniko cha sufuria, utepe unachanika, na utakuwa umejitafutia kipuri cha fungu la pili. Inua kidogo, tazama ndani, shika kile kishikio kidogo cha kontakta, kivute juu wima, ndipo ulitoe jalada. Kurudisha ni kinyume chake: kontakta kwanza, ibonyeze hadi uisikie imekaa, jalada baadaye. Ukiwasha na kibodi haiandiki wala tachipedi haisogei, ni hiyo kontakta haijakaa, si kingine.

Kati ya Desemba na Machi fungua kila mwezi kwa ajili ya vumbi. Hewa inaingia chini na kutoka nyuma karibu na bawaba, kwa hiyo laptopu iliyowekwa juu ya kitanda au kitambaa cha meza inakosa pumzi, feni inapiga kelele na kasi ya mashine inashuka katikati ya mkutano. Zuia mapanga ya feni kwa kijiti cha meno kabla ya kupuliza, maana feni ikizungushwa kwa nguvu ya hewa inaharibika. Brashi laini ya rangi, iliyo mpya na kavu, inafanya kazi nzuri kuliko kupuliza kwa mdomo, kwa sababu mdomo unatoa mate.

Upande wa umeme. Ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, weka kikomo cha chaji asilimia 80 ikiwa unakaa mezani; siku ya safari kirudishe 100. Washa hali ya kulala kabisa kwa powercfg /hibernate on, kisha iweke iwe ndiyo kazi ya kufunga kifuniko. Usingizi wa kawaida, hasa kwa Intel kizazi cha 11, unamaliza betri usiku kucha, na asubuhi hakuna umeme. Kama ofisi ina betri ya sola ya volti 12, usipitie inveta. Tumia chaja ya USB-C ya gari inayoandika wazi kwamba inatoa volti 20 na angalau ampea 3. Zile za wati 20 ni za simu. Fyuzi ya ampea 10 karibu na betri, waya wa milimita mraba 2.5, na chaja iunganishwe kwenye betri, kamwe si kwenye paneli moja kwa moja, kwa sababu paneli ya volti 12 hupanda hadi 20 na zaidi jua likiwa kali. Kazi ya ofisi inakula kama wati 15: saa 8 ni Wh 120, wakati nusu ya betri ya Ah 100 ni Wh 600. Inabaki ya taa na ruta.

Kuna hali mbili zinazofanana na kifo na si kifo. Ukiweka RAM mpya ya DDR5, skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa mara ya kwanza. Mashine inajifunza RAM hiyo, usiizime. Na Intel kizazi cha 11 ikikaa muda mrefu bila chaji, kibetri kidogo cha saa kinaisha na haiwaki hata ukiichomeka. Iache kwenye chaja saa 24 kabla ya kumwita mtu yeyote.

Sasa T480. Ni ya 2018, na kwa hali ya Gulu ina jambo moja ambalo Framework haina: betri mbili. Ya ndani ni Wh 24, ya nje inafika Wh 72, na ya nje inabadilishwa bila kuzima. RAM ni matundu mawili ya DDR4. Usichanganye na T480s wala T490, ambazo RAM moja imechomelewa. Processor yake ya Intel kizazi cha 8 inakubaliwa na Windows 11, T470 haikubaliwi, na Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Skrini ichague ya 1920 kwa 1080. Ile ya 1366 kwa 768 itakuchosha macho, na hapo Framework inashinda wazi, kwa sababu skrini yake ni ndefu kwenda juu, unaona safu nyingi zaidi za jedwali kwa mara moja.

Uamuzi wangu: kama unaye mtu anayesafiri na kurudi Entebbe angalau mara moja kwa mwaka, na bajeti inabeba mashine pamoja na akiba niliyoitaja, chukua Framework, na ukiikuta iliyotumika hakikisha ina bawaba za kilo 4.0, maana zile za mwanzo za 3.3 skrini inaanguka nyuma kwenye taksi. Kama bajeti inatosha mashine peke yake, chukua T480. Kama ofisi inanunua tano, T480 bila kufikiri mara mbili: ongezeni ya sita iliyokufa, iwe ghala lenu la vipuri.

Ukiwa dukani Kampala, kabla ya kutoa hela, washa T480 ukibonyeza F1. Ikidai nenosiri la msimamizi, irudishe. Chomeka chaja ya USB-C uone inashika: programu ya zamani ya ndani ya Thunderbolt, saketi inayoendesha tundu hilo, inaliua taratibu, basi isasishe siku hiyo hiyo. Mwisho mwombe muuzaji aweke Windows upya mbele yako na aunganishe intaneti. Ikiuliza barua pepe ya kampuni fulani ya ng'ambo, mashine hiyo bado ina mwenyewe.