Maji hayaoteshi nywele: majibu kwa mliotoka kupandikiza

Tangu nimjibu kijana mmoja aliyerudi kutoka Istanbul alikopandikiza nywele, simu yangu haitulii. Kumbe mji huu wa Dar una vipara vingi vilivyokuwa vimejificha chini ya kofia! Leo nimechambua maswali ya maji tu, maana ndiyo mengi. Ila nianze na ombi nililokwisha kuliomba hapa mpaka nimechoka: ile karatasi mliyopewa na aliyewapandikiza, isomeni. Mmelipa mamilioni, maelekezo yake mkayafungia maandazi, halafu mnamuuliza muuguzi mstaafu wa Magomeni ambaye hajawahi kukiona hicho kichwa.

Sista shikamoo. Leo siku ya nne tangu nipandikize. Ninywe lita ngapi ili nywele ziote haraka? (Tabata)

Marahaba. Hakuna lita inayootesha nywele, hata ukinywa mto Ruvu wote. Shina la nywele likitolewa kisogoni na kupandwa utosini, siku za mwanzo halina mshipa wake wa damu. Linaishi kwa kufyonza majimaji ya ngozi lilimopandwa, kisha vimishipa vinaanza kuliungia taratibu ndani ya wiki ya kwanza. Kazi ya maji unayokunywa ni kuuweka mwili wako sawa wakati hayo yanaendelea, usipate kichwa kuuma wala kizunguzungu ukaenda kujigonga kwenye fremu ya mlango. Basi.

Mtu mzima aliyetulia nyumbani zinamtosha lita mbili mpaka mbili na nusu kwa siku, ukijumlisha maji, chai, uji na supu. Joto la Januari likikubana, ongeza. Kipimo kizuri zaidi ya chupa ni mkojo wako. Ukiwa wa njano hafifu, uko sawa. Ukifanana na chai ya rangi, umechelewa. Na usibugie lita mbili kwa mkupuo eti ufidie, maana maji mengi kwa haraka yanazimua chumvi ya damu, na hilo nalo huwa linalaza watu hospitali. Wenye ugonjwa wa moyo au figo, kiasi chenu anakipanga daktari wenu, si mimi.

Halafu jambo ambalo hukuuliza: kati ya wiki ya pili na ya sita hizo nywele zitapukutika. Ni kawaida, shina linabaki ndani. Zinaanza kurudi baada ya miezi mitatu au minne, na sura kamili utaiona baada ya mwaka hivi. Kwa hiyo usije ukaniandikia mwezi ujao kwamba zimedondoka kwa sababu hukunywa maji.

Madafu je? (Mbagala)

Kunywa, moja au mawili kwa siku. Mwenye kisukari akumbuke yana sukari, mwenye figo mbovu akumbuke yana potasiamu nyingi. Na usisimame juani na kichwa wazi unamsubiri muuzaji achague dafu, mwite kivulini.

Uso umevimba mpaka jicho moja halifunguki. Mke wangu anasema ni haya maji ninayokunywa, nipunguze. (Kimara)

Wifi yangu ameona uvimbe, sababu ndiyo ameikosa. Wakati wa kupandikiza ulidungwa ganzi na maji ya dawa kichwani, na wewe ulikaa kitini saa nyingi. Majimaji hayo yanateremka: leo yako kwenye paji, kesho kwenye kope, keshokutwa mashavuni. Siku ya pili mpaka ya nne ndiyo kilele chake, na wengi wiki haiishi kabla hawajarudia sura zao.

Maji usipunguze. Punguza chumvi: ng'onda, papa, achari, na chipsi za kunyunyiziwa mpaka zinang'aa. Lala na mito miwili au mitatu, kichwa na mabega vikiwa juu, chali. Barafu usiiweke juu ya mashina. Lakini uvimbe ukija na homa, usaha, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hilo si la safu hii. Nenda hospitali leo, tena usisubiri jioni.

Bia moja ya baridi si nayo ni maji? (Sinza)

Hapana. Na hii ni mara ya tatu unaniuliza. Ningekuwa na jibu lingine ningekwisha kukupa. Pombe inakukamua maji na inaongeza hatari ya kutoka damu. Kaa nayo mbali siku zote ulizoandikiwa, na sigara iache kabisa, kwa sababu inabana mishipa ileile tunayoingoja iungane.

Nameza antibayotiki na mtindi ili zisinichome tumbo. Ni sawa? (Ilala)

Inategemea dawa. Doksisaiklini na siprofloksasini hazipatani na maziwa wala mtindi. Yanazizuia kuingia mwilini, unakuwa umemeza hasara. Meza na glasi nzima ya maji, si funda moja. Doksisaiklini ukiimeza kikavu kisha ukajilaza, inaweza kukwama kooni na kukuchoma. Kaa wima nusu saa.

Natoka kazini Posta kwa boda, siku ya sita leo. Nafika nyumbani nimelowa jasho na kiu kali. Ninywe ORS, ile poda ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji? (Ubungo)

Umeuliza kuhusu kiu, mimi nimesoma neno "boda" nikasimama. Mwezi uliopita kijana aliingia kwenye duka letu la dawa, mtanashati, shati limenyooka, anataka paketi tano za ORS kwa sababu, kwa maneno yake, "kichwa kinakauka". Akavua helmeti akaiweka juu ya kaunta, mdomo juu. Ndani kwenye sponji, pale linapogusa utosi, nikaona vigaga vimenasa kama ufuta kwenye mkate, na katikati ya kimoja tone la damu mbichi. Yeye hakuwa ameangalia. Alikuwa anatafuta hela mfukoni.

Siku kumi za mwanzo shina halijashika sawasawa. Helmeti inakandamiza, inasugua, na ukiivua inazoa. Bila helmeti ni kosa la barabarani na kichwa chako kitakuwa na shida kubwa kuliko kipara. Kwa hiyo boda uache kabisa mpaka aliyekupandikiza akuruhusu. Panda bajaji, ukae katikati, usiegemeze kichwa popote. Afadhali zaidi ungechukua likizo, maana jasho la foleni ya Morogoro Road nalo halifai kidondani.

Haya, ORS. Ile ni dawa ya mtu anayeharisha, anayetapika au aliyevuja jasho jingi. Wewe ukishakaa kivulini na kunywa maji, huihitaji. Ukiitumia, soma paketi: ya lita moja inaingia kwenye lita moja ya maji safi, yote kwa mara moja. Si nusu paketi kwenye glasi, si kwenye soda (nimeyaona haya), na ikizidi saa 24 unamwaga. Na vile vinywaji vya kuongeza nguvu mnavyonywa kama maji, naviona mikononi mwenu kila siku. Sukari na kafeini. Vinakuweka macho usiku ambao ulitakiwa ulale.

Kahawa ya kijiweni? (Kariakoo)

Vikombe viwili vidogo havikuui. Kahawa nayo inahesabika kwenye maji ya siku. Kashata ni juu yako.

Nitafunga Ramadhani wiki moja baada ya kupandikiza. Nitaweza bila maji mchana kutwa? (Temeke)

Kwa nini ukaiweka wiki hiyo, mwanangu? Ramadhani za miaka hii zinaangukia Februari na Machi, Dar inachemka, na wewe una antibayotiki za kumeza kwa saa. Mgonjwa ana ruhusa ya kulipa siku nyingine. Al-Baqara aya ya 184 imelisema wazi. Kama kidonda cha kujitakia kinaingia humo, muulize shehe wako. Hilo mimi silijibu. Ukiamua kufunga, mwambie daktari apange dawa ziangukie futari na daku, gawa maji yako taratibu kuanzia magharibi mpaka daku, na mchana usitoke juani. Ukipata kizunguzungu cha kutaka kuanguka, fungua. Ambaye hajafanya bado, asogeze tarehe mpaka baada ya Idi. Kipara kimengoja miaka kumi, mwezi mmoja hakitakimbia.

Maji ya kunyunyizia kichwani yameisha. Nitumie ya kisima? (Kigamboni)

Hapana! Visima vyetu vingine vina chumvi mpaka sabuni haitoi povu, ila hiyo siyo chumvi ya dripu. Unayotaka ni maji ya chumvi ya hospitali, asilimia 0.9, yapo duka la dawa. Ukianza kuosha kichwa, tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, umimine kwa kikombe pole pole. Bomba la mvua likae kwanza.

Narudi na ndege kutoka Istanbul siku ya tatu. Ushauri? (msomaji aliye safarini)

Ni saa saba hivi angani na hewa ya mle ni kavu. Kikombe cha maji kila saa, divai waachie jirani, omba kiti cha kando ya njia ili uinuke unyooshe miguu. Na unapoweka begi juu, angalia lile boksi la mizigo. Wengi wanajigonga hapo.

Kuna dada anauza maji ya tango na tangawizi, chupa elfu kumi na tano, anasema yanalisha mizizi ya nywele. (Mikocheni)

Tango sokoni bei gani?

Sista, mimi sijapandikiza chochote, nina kipara tu na miaka 61. Ninywe kiasi gani? (Mwananyamala)

Kiasi hichohicho, kaka. Na ukipita Magomeni ingia dukani nikupime presha.