Mwanangu, kabla hujalipia hiyo printa ya DTF

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama uichukue ile printa ya DTF iliyokarabatiwa, inayochapa picha kwenye filamu ya plastiki ili zibandikwe nguoni kwa pasi, uliyoiona Nasser Road, Kampala, uipeleke Arua ukachape fulana na jezi. Ichukue, ila kichwa chake, kile kinachorusha wino, kikaguliwe kwanza. Mota na reli hutengenezeka. Kichwa kikifa, umenunua kabati.

Picha zilizochapwa tayari usizitazame. Muuzaji achape kipimo cha matundu ya wino mbele yako, rangi zote pamoja na nyeupe. Nyeupe haionekani vizuri kwenye filamu, kwa hiyo weka karatasi nyeusi chini yake, utafute vistari vilivyokatika. Halafu achape A3 nzima iliyojaa nyeupe, na kipimo kingine papo hapo. Mapengo yakibaki palepale, matundu hayo yameziba au yamekufa. Yakihamahama, au yakiongezeka baada ya ile A3, wino haufiki sawasawa: kuna hewa kwenye mirija au dampa, vile vichujio vidogo vya wino juu ya kichwa, zimechoka, na hivyo ni vitu vya bei ndogo. Jioni aizime, urudi asubuhi mchape tena. Kipimo kilicholala safi kikiamka na mapengo, mpira unaofunika kichwa hauzibi. Muuzaji asiyetaka mashine ilale namna hiyo, achana naye.

Ikiwa imezimwa, chungulia utepe wa nyaya unaoingia kwenye kichwa. Ukiona wino umefika kwenye soketi yake, usinunue, maana shoti ya hapo huunguza kichwa na bodi kuu kwa pamoja. Dai pia ufunguo wa USB wa programu ya RIP, ile inayoandaa picha na rangi zake kabla ya kuchapa. Bila huo programu haifunguki, na dereva ya kawaida haijui kupanga nyeupe.

Kabla ya safari, wino utolewe kwenye mirija, kichwa kifungwe kisitembee, mashine isilazwe ubavu.

Arua mwezi wa Januari hewa hukauka, na printa hii inataka unyevu wa asilimia 40 hadi 60, basi nunua kipima unyevu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kichwa hubaki nje ya mpira wake na wino unakaukia matunduni. UPS, yaani betri ya akiba, iwe ya printa peke yake, ikupe muda wa kurudisha kichwa mahali pake. Tanuri la kuyeyusha unga wa gundi na mashine ya pasi zitaimaliza hiyo betri mara moja. Wino mweupe una titani dioksidi, ambayo ni nzito na hutuama. Tikisa chupa kila asubuhi na uchape kipande kidogo hata siku isiyo na oda.

Pamba piga pasi nyuzi 150 hadi 160, sekunde 10 hadi 15. Jezi za poliesta shusha hadi karibu 130, la sivyo rangi ya kitambaa itapanda kwenye nyeupe. Tafuta unga unaoyeyuka kwa joto hilo.

Bei ya kichwa kipya cha aina hiyo, iwe XP600 au i3200, iulizie maduka mengine kwanza, ndipo muanze kupatana.

Mama yako