Barua kwa Mwanangu Daktari

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama neno la Kigiriki akestes, yaani mtu atengenezaye nguo zilizochanika, lilikuwa tusi pale Xenophon, mwandishi wa Kigiriki wa kale, alipowafananisha madaktari naye katika kitabu chake juu ya Koreshi, mfalme wa Uajemi. Nimepasoma tena kwa Kigiriki kilekile nilichojifunza nikisomea uchungaji. Humo baba anamjibu mwanawe: Koreshi anaeleza kwamba ameandaa matabibu kwa ajili ya jeshi, naye baba yake, Cambyses, anamwambia kuwa hao ni kama watengenezaji wa mavazi yaliyoraruka, kwa kuwa huwatibu watu wakishaugua, ilhali fahari ya jemadari ni kuchagua kambi yenye afya ili askari wasiugue kabisa.

Mimi, hata hivyo, nilimkumbuka bibi yako kule Lushoto, na lile koti la sufu lililotobolewa na cheche begani. Alichomoa nyuzi kutoka kwenye upindo wa ndani wa koti lenyewe, akazipitisha kwa sindano juu na chini, akifuata ufumaji wa kitambaa, mpaka tundu likaziba. Mwenye koti aliligeuzageuza mwangani, asione kovu, akalipa nusu ya ujira kwa hoja kwamba haoni kilichofanyika. Bibi yako aliipokea akashukuru. Nilikuwa mtoto, nimesimama mlangoni, na hadi leo damu hunichemka, kwa maana alidhulumiwa kwa sababu ya ubora wa kazi yake.

Nimekwambia mara nyingi, na narudia: anayekirudishia kitu uzima hayuko chini ya aliyekitengeneza kikiwa kipya. Wagiriki nao walilijua hilo, kwani kitenzi kilichozaa neno akestes ndicho Homer, mshairi wao wa kale, alichokitumia kwa majeraha yanayotibiwa na kwa merikebu zinazokarabatiwa. Utanijibu kwamba Cambyses hakulikana hilo, bali alisema tu kuwa ni heri nguo isichanike, na wewe unayepokea watoto wenye malaria kila baada ya masika unajua ni wangapi ambao chandarua kingewaepusha na kitanda cha wodi. Ni kweli, siwezi kumpinga. Lakini hata kambi iliyochaguliwa vyema haikosi mgonjwa, na mgonjwa huyo hamhitaji jemadari.

Kama lilikuwa tusi, basi, sitatoa hukumu, ingawa ningependa sana kusema halikuwa, maana Xenophon mwenyewe aliwahi kuongoza askari wa Kigiriki waliokuwa wakirudi kwao kutoka vitani karibu na Babeli, na ameandika kwamba njiani waliteua matabibu wanane kwa kuwa majeruhi walikuwa wengi. Pasome hapo nawe, kisha uniandikie unavyoona.

Baba yako