Mtaa umejaa migahawa, nile wapi?

SWALI: Nimehamia mtaa wa katikati ya jiji, migahawa kila kona na makelele mpaka usiku. Nabahatisha tu, na tumbo limeshanivuruga mara mbili. Nachaguaje?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Usivutwe na taa wala muziki, angalia wanaokula, na sio wingi wao tu, angalia kama ni watu wa hapo hapo mtaani, maana mpita njia hata akilishwa kiporo harudi kulalamika, ila jirani anarudi kesho. Wateja wakiwa wengi chakula hakilali. Wahi kidogo, sufuria ndo zinashuka jikoni. Likifunuliwa sufuria mvuke upande usoni, sio uvuguvugu, Shirika la Afya Duniani linataka chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60 na kisiachwe hivi hivi bila moto wala friji zaidi ya masaa 2. Mi naangalia pia kitambaa cha kufutia meza, kikiwa cheusi kinateleza mafuta naondoka hapo hapo. Menyu ndefu kupita kiasi nayo siiamini kabisa, vyote hivyo wanavipika saa ngapi?