Tumbo husaga au humeng'enya?

SWALI: Ninafundisha sayansi katika shule ya msingi hapa Mafinga. Nikiuliza kazi ya tumbo, nusu ya darasa huandika "tumbo husaga chakula". Kitabu kinasema "mmeng'enyo". Nyumbani wanasikia chakula "kinayeyuka". Niwakate alama? Na baada ya hapo, mwili hukinyonya chakula, hukifyonza au hukisharabu?

JIBU: Mwalimu, kalamu nyekundu iweke pembeni kidogo, maana wanafunzi wako hawajakosea sana.

Kusaga ni kazi ya mashine. Mahindi yanaingia punje, yanatoka unga, na unga huo bado ni mahindi. Kilichobadilika ni ukubwa tu. Kwa maana hiyo meno husaga, hasa magego. Kuku, ambaye hana meno, husagia kwenye firigisi akisaidiwa na vijiwe alivyodonoa, na kama swali lingemhusu yeye, "husaga" ingepata alama zote. Kwa binadamu naipa nusu. Misuli ya tumbo letu hukikamua na kukikoroga chakula, hilo ni kweli, lakini ukuta wa tumbo pia hutoa asidi ya haidrokloriki na pepsini, na pepsini ndiyo inayoanza kuzikata protini. Huko si kusaga tena.

Wataalamu wa Ulaya nao walibishana kwa miaka mingi kama tumbo linasaga, linapika au linaozesha. Mwaka 1822 kijana mmoja, Alexis St. Martin, alipigwa risasi kwa ajali katika kisiwa cha Mackinac, Marekani. Alipona, ila tundu lililofika hadi tumboni halikuziba. Daktari wake, William Beaumont, akawa anafunga vipande vya nyama kwa uzi wa hariri, anavitumbukiza mle tunduni na kuvitoa baada ya muda avitazame. Akachota pia maji ya tumbo, akayatia kwenye kichupa chenye joto kama la mwili pamoja na nyama. Nyama ikalainika na kuisha humo humo kichupani, pasipo msuli wala jino. Matokeo aliyachapisha mwaka 1833.

Kwa kazi ya namna hiyo Kiswahili cha sayansi kilichukua kitenzi kumeng'enya. Katika matumizi ya kawaida ni kuvunjavunja kitu vipande vidogo vidogo. Darasani maana imebanwa zaidi: kukivunja chakula hadi kiwe kitu kingine. Wanga unakuwa sukari, protini zinakuwa amino asidi, mafuta yanakuwa asidi za mafuta na gliseroli. Vinavyofanya uvunjaji huo ni vimeng'enya.

Ukitaka mfano ambao watoto wa Iringa wataushika bila kukariri, tumia togwa. Uji mzito ukitiwa kimea cha ulezi unalegea na kuwa mtamu, na hakuna aliyeongeza hata kijiko cha sukari. Ndani ya kimea mna amilesi, kimeng'enya kinachokata wanga kuwa sukari, na mate yetu yana kimeng'enya cha aina hiyo hiyo. Waambie watafune tonge la ugali bila kumeza, wasubiri, wauonje utamu unavyojitokeza. Mmeng'enyo wa wanga umeanza mdomoni kabla tumbo halijagusa kitu.

"Kuyeyuka" ndilo neno ninalolikataa mapema zaidi. Chumvi ikiyeyuka majini, ukiyakausha maji unaipata chumvi yako ileile. Ugali uliomeng'enywa haurudi kuwa ugali. Nyumbani waendelee kusema wanavyosema. Kwenye mtihani hapana.

Kuna kosa moja ambalo ningelikata alama bila huruma, nalo hulikuti kwa watoto peke yao: "nyongo humeng'enya mafuta". Nyongo, inayotengenezwa na ini, haina kimeng'enya cha mafuta. Mtu akila parachichi la Rungwe, nyongo huyatawanya mafuta yale yawe matone madogo sana. Kinachoyameng'enya hasa ni kimeng'enya kiitwacho lipesi, na nyingi yake inatoka kwenye kongosho. Andika "nyongo hutawanya mafuta".

Tahajia nayo. Ni mmeng'enyo, m mbili, na ng' ya ng'ombe, si ng ya ngoma. "Mengenyo" na "mmengenyo" ninaviona hadi kwenye mabango ya kliniki.

Tumbo na utumbo ni jambo dogo. Buchani Mwanjelwa ukiagiza utumbo utapimiwa na vipande vya tumbo humo humo, na supu itakuwa nzuri vilevile. Darasani tumbo ni ule mfuko, kisha utumbo mwembamba wenye urefu wa kama mita 6 kwa mtu mzima, kisha utumbo mpana, kama mita moja na nusu.

Sasa swali lako la pili. Sema hufyonza. Kunyonya kunadai mdomo: mtoto hunyonya ziwa. Utumbo mwembamba hauna mdomo. Una vijitokezo vidogo mno vilivyojaa ukutani, na virutubishi hupenya hapo. Glukosi na amino asidi huingia kwenye damu na kupelekwa kwanza kwenye ini, ilhali sehemu kubwa ya mafuta hupitia mishipa ya limfu. Maji mengi hufyonzwa hukohuko, utumbo mpana ukimalizia yaliyobaki.

Mmeng'enyo na ufyonzwaji si kitu kimoja, ingawa huandikwa pamoja kama mapacha. Ulanzi unaonyesha tofauti yake vizuri. Pombe iliyomo haimeng'enywi kwanza. Hufyonzwa kama ilivyo, kiasi kikianzia tumboni na sehemu kubwa kwenye utumbo mwembamba. Aliyekunywa bila kula hulewa haraka kwa sababu hakuna chakula cha kuichelewesha tumboni. Kwa hiyo anayesema pombe "inameng'enywa upesi" amechagua kitenzi kisichohusika.

Kusharabu nako ni sahihi, na usharabu utaukuta vitabuni. Mwanafunzi akiutumia mpe alama yake. Mimi nachagua kufyonza kwa kuwa watoto wanalijua tayari kutoka kwa mbu na nyuki. Ukitaja kinachofanya kazi, andika "ufyonzaji wa utumbo". Ukitaja kinachofyonzwa, "ufyonzwaji wa chakula".