Vipele vya pampasi: angalia mikunjo kabla ya kukimbilia dawa

Kabla hujamtuma mtu duka la dawa, mlaze mtoto penye mwanga, mtanue mapaja taratibu, uangalie ndani ya mikunjo. Kama ngozi imeungua kwenye makalio na chini ya kitovu, yaani pale pampasi inapogusa, lakini ndani ya mikunjo pazima, wenye makosa ni mkojo, kinyesi na msuguano. Kama mikunjo yenyewe imechubuka, na pembeni ya eneo kubwa kuna vipele vidogovidogo vilivyotawanyika, hao kwa kawaida ni fangasi, na vesilini peke yake haitawaondoa. Usisubiri uone wekundu. Kwa mtoto mweusi ngozi inaweza kukoza tu, ikawa kama zambarau au ikang'aa, na dalili ya kwanza ikawa kilio maji yanapomgusa.

Mkojo ukikutana na kinyesi hupunguza ile asidi kidogo inayolinda ngozi, na hapo vimeng'enya vya kinyesi, yaani kemikali zinazosaga chakula tumboni, hupata nguvu ya kuila. Ndiyo maana mtoto anayeharisha anaweza kuungua ndani ya siku moja. Ongeza joto la Dar la Desemba hadi Machi, jasho limejifungia ndani ya plastiki, na ngozi inalainika hadi inachubuka kwa kufutwa tu.

Kwa hiyo habari ya "bado haijajaa" tuiache. Tunajua pampasi ni ghali na wengi hununua moja moja, lakini kipimo ni muda, si uzito: badilisha kila baada ya saa 2 hadi 3, kinyesi papo hapo, na usiku walau mara moja. Kama mfuko hauruhusu, nepi ya kitambaa inayobadilishwa mara kwa mara ni bora kuliko pampasi nzuri iliyokaa tangu asubuhi, mradi usiivalishe chupi ya plastiki juu yake. Mchana, mwache matako wazi juu ya kanga dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa siku au zaidi. Atakojolea kanga, ndiyo, na kanga hufuliwa.

Ukibadilisha, tumia maji ya uvuguvugu na pamba au kitambaa laini, ukifuta kutoka mbele kwenda nyuma. Vitambaa vya kufutia (wipes) vyenye manukato au spiriti viweke kando hadi apone, na maji ya kuogea usiyatie dawa ya kuua vijidudu. Kausha kwa kugandamiza, usisugue, na usisahau mikunjo. Kisha paka krimu yenye zinki oksaidi, tabaka nene hadi ngozi isionekane. Ukiikosa, vesilini isiyo na manukato inafaa. Wengi hukosea kwenye zamu inayofuata, wanaisugua krimu yote iishe na kuondoka na ngozi mpya. Toa iliyochafuka tu. Ikigoma, lowesha pamba kwa mafuta ya nazi, futa taratibu, ongeza krimu juu.

Nepi nazo zina lao, hasa kwa wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi. Sabuni haitoi povu, mtu anaongeza sabuni, na ile isiyosuuzika inakauka kwenye kitambaa ikisubiri mkojo uilowanishe. Suuza mara tatu, na kama maji ya bomba ni machache, yawekee suuza ya mwisho. Usitie kilainisha nguo. Wakati wa masika, nepi zisipopata jua zimalizie kwa pasi. Nepi mbichi isivalishwe.

Fangasi hutibiwa kwa krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1: paka nyembamba mara mbili kwa siku, subiri ikolee, ndipo zinki ipite juu. Endelea hata vipele vikipotea, kwa kawaida siku 7 hadi 14, maana anayeacha siku ya tatu huvikuta vimerudi. Mchungulie na mdomoni. Utando mweupe usiofutika kwenye ulimi na mashavu unahitaji dawa yake kutoka kituo cha afya.

Jihadhari na krimu za mchanganyiko, zile "zinazotibu kila kitu". Soma boksi: ukiona betamethasoni au klobetasoli, hiyo ni steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, na chini ya pampasi ngozi huinyonya zaidi na kuwa nyembamba. Isipakwe bila daktari. Poda pia hatuipendi, kwani vumbi lake huingia kwenye mapafu ya mtoto na likilowa hugandamana mikunjoni. Majivu na dawa ya meno hata tusivijadili.

Hali inapaswa kuonyesha nafuu ndani ya siku 2 hadi 3. Isipokuwa hivyo, mpeleke zahanati. Usisubiri kabisa kukiwa na homa, usaha, malengelenge, damu, magamba ya njano, au kama mtoto hajafikisha wiki 6.

Akishapona, ngozi inaweza kubaki na mabaka meupe au meusi. Hayo si fangasi wapya. Rangi hurudi yenyewe kwa wiki au miezi kadhaa, wala hayahitaji krimu nyingine.